Kulabu Kumi na Tisa

Malkhazi ameniandikia nyuma ya risiti ya mkate:
kulabu kumi na tisa, wiki tano,
na tafadhali, Ia, usiniletee gari za kamba.

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka.
Nani huja Chiatura asipige gari za kamba?
Wageni hushuka na lenzi ndefu kama dohani,
wakazielekeza juu, kwenye masanduku ya chuma
yaning'iniayo bondeni yakiliwa na kutu,
wakapiga, wakanywa supu, wakaenda zao.
Mimi pia nimezipiga. Ninazo mia nne na kitu.
Zote nzuri. Hata moja si yangu.

Wiki ya kwanza nikatafuta nyuso.
Nikamsimamisha Vazha mlangoni pa mgodi.
"Tulia hivyo hivyo," nikamwambia,
naye akatulia kama mtu aliyeambiwa atulie.
Vumbi la manganisi kwenye kope zake
lilikuwa la kweli. Yeye hakuwa.

Ya pili, mto. Kvirila ulikuwa mweusi,
nikauinamia hata viatu vikalowa.
Picha zikatoka kama chai iliyosahauliwa.

Ya tatu sikupiga kitu.
Nilipanga dawa dukani kwa rangi za visanduku,
nikawauzia matone ya macho
watu waonao kuliko mimi.
Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi;
hawakusema wajenzi hao wako wapi,
wamelala chali, wanahesabu nyufa za dari.

Jumanne, Tsiala wa ghorofa ya nne akagonga bomba.
Anahamia Thesaloniki, kwa bintiye.
"Njoo na ngazi. Kamera iache, sijachana nywele."
Nikaenda na ngazi.
Na kamera, chini ya koti.

Tukashusha saa iliyokufa. Tukashusha zulia.
Tukamshusha marehemu mumewe katika fremu ya mbao,
na pale alipokuwa mumewe
ukuta ulikuwa wa samawati.

Si samawati hii iliyokunywa moshi wa jiko
miaka thelathini na miwili.
Samawati ya siku ile brashi ilipoinuliwa,
mbichi, ya mstatili, na msumari juu yake.
"Ehe," akasema Tsiala, "kumbe ndiyo rangi niliyoichagua.
Tuligombana. Yeye alitaka njano."
Akaweka kiganja pale, taratibu,
kama apimaye homa ya mtoto.

Sikupiga. Nataka hilo lijulikane.
Nilingoja mpaka akauondoa mkono,
akaenda kuchemsha maji,
ndipo nikaitoa kamera, nikitetemeka
(ngazi nayo ilikuwa mbovu).

Tangu hapo nabisha hodi.
Mji huu unahama; kila jengo lina mtu
anayefunga maboksi kwa kamba ya kuanikia nguo.
Nauliza tu: hapa palikuwa na nini?
Ramani, anasema mmoja. Farasi wa kufumwa.
Mwalimu Guguli alikataa kusema,
akanisogezea kiti nipande.
Kwa kina Otia alama ina umbo la gitaa,
hata vigingi vya nyuzi vinaonekana.
Na chumba kimoja, karibu na kituo cha reli,
ukuta mzima ni rangi moja, moshi mtupu.
"Hatukuwahi kutundika kitu," mwenye nyumba akasema,
akivunja viroba vya mkaa. "Tulidhani tunapita tu."
Huo nao nimeupiga.
Utakaa mwisho, au mwanzo, sijaamua.

Macho hayana pazia, lakini yana mazoea.

Leo ninazo kumi na nane.
Malkhazi amezitandaza mezani, akasugua shingo.
"Kuta," akasema. "Unataka nitundike kuta ukutani."
Sikumjibu. Akazirudia moja moja,
akakawia kwenye ile ya Tsiala,
kisha akageuka, polepole,
kule juu ya sefu, penye kalenda
ya mwaka ambao sote tumeusahau,
na kwa ncha ya kidole
akainua pembe yake moja.